Jinsi ya kuomba kibali cha kituo cha jamii cha kutunza wanyamapori na kufundishia, Uganda

Korongo-taji aliyevunjika bawa akiletwa kwenu ndani ya gunia, si wa aliyemwokota wala si wa mwenye shamba. Wanyamapori wa Uganda ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019 kumweka mmoja bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA) ni kosa, hata kama ulimtibu akapona. Makosa yanayogusa spishi zilizo hatarini kutoweka yanaweza kufika faini ya shilingi bilioni 20, kifungo cha maisha, au vyote viwili. Kwa hiyo karatasi zitangulie, mnyama afuate. Kikundi kinachoanza na vizimba vilivyojaa halafu kikaenda kuomba kibali kinakuwa kimeshajishtaki chenyewe.

Kikundi na ardhi

Anzieni kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha kwa ofisa wa maendeleo ya jamii (CDO) wa kaunti ndogo. Mtahitaji katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na viongozi, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha uliotiwa saini, na barua ya LC1. Wilaya ndiyo inayotoa cheti cha kikundi cha jamii. Kina muda wake, basi andikeni tarehe ya kuisha mahali inapoonekana.

Cheti hicho kinatosha kufungua akaunti ya benki, lakini kwa kumiliki ardhi ni dhaifu. Kosa la kawaida ni kuandika kiwanja kwa jina la mwenyekiti kwa kuwa “tunamwamini”. Siku akifariki, warithi wake huenda hawajui lolote kuhusu kituo, na vizimba vimo ndani ya urithi wao. Ama sajilini kampuni isiyo ya faida yenye dhamana katika URSB (ofisi ya serikali ya kusajili kampuni), ama wadhamini waliosajiliwa kisheria, ili ardhi iwe ya chombo na si ya mtu.

Kwenye ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wenye hati, hasa Buganda), kununua kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima juu ya ardhi ya mwingine, hakukufanyi mwenye ardhi. Pateni ridhaa ya mwenye mailo kwa maandishi kabla ya kuchimba msingi. Kwenye ardhi ya kimila, ukoo wote unaohusika usaini, wakiwemo wanawake wanaolima hapo. Na pimeni umbali na maji. Kingo za mito mikubwa iliyotajwa katika kanuni zina ukanda wa hifadhi wa mita 100, mito mingine mita 30, na maziwa makubwa mita 200. Kiwanja cha bei nafuu kando ya maji mara nyingi ni nafuu kwa sababu hiyo hiyo.

Mpango wa kituo

Hapa ndipo ombi linapobebwa au linapoangushwa. Maneno kama “tutatunza wanyama wote” hayamsaidii mkaguzi, na kusema kweli yanamtia wasiwasi. Tajeni spishi mnazoziweza na mnazozikataa. Kituo cha kijiji kinaweza kuanza na ndege, kobe, tumbili na swala wadogo. Sokwe waacheni: akitunzwa anaweza kuishi miaka 50 na zaidi, na nchi tayari ina kisiwa cha Ngamba kilichoanzishwa 1998 kwa ajili yao. Kakakuona naye ni mgumu mno. Anakula sisimizi na mchwa, na kizimbani hufa upesi.

Kila spishi iandikiwe njia nne: atapokelewaje, atatengwaje, atatibiwa na nani, ataishia wapi. Njia ya nne ndiyo wengi huiruka. Wapo wanyama ambao hawatarudi porini kamwe: kasuku aliyekatwa manyoya ya bawa pengine atarudi, lakini tumbili aliyelelewa jikoni tangu utotoni ni vigumu. Andikeni wazi kwamba huyo atahamishiwa kituo kikubwa kama cha Entebbe kwa idhini ya UWA, au daktari atamlaza usingizi wa mwisho iwapo maumivu hayatibiki. Pia andikeni kwamba hakuna atakayeachiwa popote bila UWA kukubali eneo. Tumbili mgeni akitupwa kwenye kundi lisilo lake hung’atwa hadi kufa.

Chakula kikadiriwe kwa mwaka. Nyani wanane wakila kilo moja na nusu kila mmoja ni kilo 12 kwa siku, yaani kilo 4,380 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ya soko lenu wakati wa kiangazi, si wakati wa mavuno.

Michoro ambayo mkaguzi ataisoma

Kila kizimba kiwe na milango miwili yenye chumba kidogo katikati, wa nje ufungwe kabla wa ndani haujafunguliwa. Sakafu ya saruji iinamie mfereji, sentimita 2 kwa kila mita, la sivyo mkojo hutuama na kwato huoza. Chumba cha karantini kiwe mbali na vingine, kiwe na beseni la dawa mlangoni, buti zake, ndoo zake na mfanyakazi wake. Wageni wakae nyuma ya uzio wa pili, walau mita moja na nusu kutoka wavu, maana mafua ya mtoto wa shule yanaweza kumshika tumbili, na jino la tumbili linamfikia mtoto. Wafanyakazi wapate chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kazi: dozi mbili, siku ya 0 na ya 7.

Ambatanisheni barua ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, inayosema atafika mara ngapi. “Tutamwita inapohitajika” haitoshi. Dawa za usingizi kama ketamini zikae kabatini chini ya kufuli, na daftari la kila mililita iliyotumika.

NEMA, kisha UWA

Pelekeni wazo kwa ofisa wa mazingira wa wilaya kabla ya kulipa mtu yeyote. Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa ndiye atakayewaandalia muhtasari wa mradi, na NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) huamua kama unatosha au tathmini kamili inahitajika. Majitaka na mizoga ndiyo maswali yao makubwa: onyesheni shimo la kuzikia, umbali wake kutoka kisimani, na chokaa.

Ombi la UWA huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, Barabara ya Kira, Kamwokya, Kampala, lakini lipitieni kwanza na ofisi ya mbuga iliyo karibu. Kwa watu wa Kasese ni Katunguru, ofisi ya Mbuga ya Queen Elizabeth. Haki za kutumia wanyamapori zimegawanywa kwa madaraja, na daraja E ni la elimu na sayansi. Daraja moja halibebi lingine, kwa hiyo barua iseme kila kitendo kwa jina: kupokea, kutibu, kuweka, kuonyesha wanafunzi, kuachia. Msiweke neno “kuuza” popote, hata la vinyago vya ngozi. Na jina la kituo msiliite hifadhi, maana kisheria hilo ni eneo lililotangazwa, na kikundi chenu hakina mamlaka ya kulitangaza.

Ambatanisheni cheti cha kikundi, hati ya ardhi, michoro, mpango, barua ya daktari, bajeti ya mwaka mmoja na muhtasari wa kikao cha kijiji chenye saini. Pigeni nakala tatu, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo.

Mkisubiri, mtu akiwaletea mnyama, mwekeni kwenye sanduku lenye matundu, giza na utulivu, bila maziwa ya ng’ombe, kisha piga simu UWA saa hiyo hiyo. Andikeni tarehe, saa, mahali alipookotwa, jina la aliyemleta na jina la askari aliyemchukua.