Jinsi ya kusoma jedwali la medali
Kila Olimpiki ikiisha huulizwa swali lile lile: watu bilioni 1.4, medali sita tu? Ni India hiyo, Paris 2024, bila hata dhahabu moja. Jamaica, yenye watu wasiofika milioni 3, nayo ilipata sita.

Mimi huanza kwa kuifuta idadi ya watu. Kila nchi ina kikomo cha washiriki katika kila shindano, kwa hiyo umati ulioko nyumbani hauingii uwanjani. Hesabu watoto waliowahi kupimwa na kocha. Asiyewahi kuliona bwawa hawezi kuwa mwogeleaji, hata awe na mikono mirefu namna gani.

Kisha tazama mchezo unaopendwa. Kriketi humeza vipaji na fedha za India, Pakistani na Bangladeshi, lakini haijachezwa Olimpiki tangu 1900, inarudi 2028. Angalia pia medali zenyewe: timu nzima ya mpira wa magongo huhesabiwa moja, ilhali mwogeleaji wa Marekani Michael Phelps peke yake aliondoka Beijing 2008 na dhahabu 8. (Ulafi, nasema mimi.)

Mwisho, uliza nani humlipa kocha wa mrusha mkuki miaka ile mitatu ambayo hakuna anayetazama.