Kaunta ya jiko mjini Tanga: hatua za kuchagua kati ya jiwe, zege, vigae na mbao

Dukani utakwenda baadaye. Bamba linalong'aa chini ya taa za duka halijakutana na ndimu, binzari wala upepo wa bahari, na hivyo vitatu ndivyo vitakavyoamua kama kaunta itadumu.

Hatua ya 1: Pima jiko na kazi zake

Kina cha kawaida cha kaunta ni sm 60. Kwa kimo, mpishi mwenyewe asimame wima akunje kiwiko, kisha shuka sm 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Kwa watu wengi inaangukia kati ya sm 85 na 90. Kama anayepika kila siku ni mama wa kimo kifupi, kipimo ni chake, si cha fundi.

Kumbuka kutoa unene wa jiwe. Ukitaka sm 90 na jiwe ni la mm 20, juu ya gundi ya mm 5, slabu ya zege inayobeba jiwe iishie sm 87.5. Likisahaulika hili, kaunta inapanda na mpishi anakata vitunguu mabega yakiwa juu.

Andika pia samaki wanapaliwa magamba wapi, sufuria inatua wapi ikitoka motoni, na kama kinu kitapanda juu ya kaunta. Kinu kikae sakafuni. Mchi ukitwanga juu ya jiwe lenye uwazi chini yake, jiwe litapasuka mapema au baadaye.

Hatua ya 2: Amua kitakachobeba

Graniti ya mm 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita moja ya mraba. Kabati la MDF (mbao za unga wa miti uliogandishwa kwa gundi) lililosimama juu ya sakafu inayolowa haliwezi kubeba mzigo huo kwa miaka: MDF hunyonya maji, huvimba, na skrubu zinalegea. Ndiyo maana tunapendekeza slabu ya zege juu ya kuta fupi za tofali, ukuta mmoja kila baada ya mita 1 hivi, halafu milango ya mbao mbele.

Kwa slabu ya mita 3 kwa sm 60, unene sm 7.5, ratio ya 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) inahitaji mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, toroli moja ya mchanga na toroli mbili za kokoto. Nondo za mm 8, tatu za mita 12, zinatosha kusukwa kila sm 15 pande zote mbili. Ziinuliwe kwa vipande vya zege vya sm 2.5, zisilale juu ya mbao za fomu, yaani boksi la kumwagia zege. Mwagilia siku 7 na uache miti ya kushikilia fomu kwa siku 14.

Mchanga wa ufukweni usiuruhusu hata toroli moja, hata kama nyumba iko Raskazone na mchanga uko hatua chache kutoka mlangoni. Chumvi yake hufikia nondo, nondo hupata kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege linabanduka kwa chini. Kaunta ya juu haina kosa lolote, lakini itabidi ing'olewe. Agiza mchanga wa mtoni.

Hatua ya 3: Omba kipande, kakijaribu nyumbani

Kila duka la mawe lina vipande vilivyobaki. Omba kimoja cha kila bamba unalolitamani, na hakikisha kimetoka kwenye bamba hilohilo, kwa sababu jina la rangi moja hubeba mawe tofauti.

*Ndimu.* Kata nusu, iweke ikiwa imeinama juu ya jiwe kwa dakika 15, kisha futa na utazame kwa pembeni kuelekea dirishani. Doa lililofifia, lisilong'aa, lina maana jiwe lina chokaa. Marumaru na mawe ya Mapango ya Amboni ni ya jamii hiyo moja, na asidi hula yote. Ukwaju na siki hufanya vivyo hivyo. Dawa ya kawaida ya kuziba vinyweleo haizuii jambo hili, hata muuzaji aape. Graniti halisi haiguswi.

*Maji.* Dondosha matone machache, subiri dakika 10. Jiwe likiwa jeusi zaidi chini ya tone, linanyonya, na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo, irudiwe kila tone linapoanza kuzama.

*Binzari.* Changanya na mafuta ya kupikia, acha usiku kucha, osha kwa sabuni. Rangi ikibaki, weka kipande juani siku mbili. Jua la Tanga hufifisha manjano ya binzari vizuri sana, ila kaunta yenyewe hutaweza kuitoa nje.

*Asetoni.* Hili ni la graniti nyeusi. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Kitambaa kikichukua weusi, jiwe limepakwa rangi. Liache hapohapo.

Hatua ya 4: Chagua

Graniti ya mm 18 au 20 juu ya slabu ndiyo chaguo letu la kwanza kwa jiko linalopika samaki na nazi kila siku. Inavumilia sufuria ya moto, ila jiko la mkaa linalowaka usilitue juu yake: joto la sehemu moja kwa muda mrefu hupasua.

Bajeti ikibana, terazo (saruji na vipande vya mawe, ikikauka husagwa ing'ae) inayomwagwa juu ya slabu hiyohiyo, unene wa mm 12 hadi 15, ni bora kuliko watu wanavyodhani. Haina maungio. Kasoro yake ni saruji, ambayo ndimu huila kidogo kidogo, kwa hiyo ipakwe dawa na ifutwe papo hapo. Ikichakaa husagwa upya.

Vigae ni vya bei rahisi, lakini tatizo liko katikati yake. Grauti nyeupe, ile ya kujazia nafasi kati ya vigae, hugeuka manjano ndani ya mwezi. Tumia vigae vikubwa vya poseleni, nafasi za mm 2, na grauti ya epoksi ya kijivu.

Kwatzi ya kiwandani, yaani chembe za mawe zilizogandishwa kwa gundi, haishiki madoa kirahisi, lakini gundi yake huungua kuanzia nyuzi 150 hivi, na sufuria ya mafuta ya kukaangia samaki inapita hapo. Vumbi lake pia ni hatari kwa mapafu ya fundi. Australia iliipiga marufuku kuanzia 1 Julai 2024.

Mbao? Mtiki wa Longuza, Muheza, unapendeza upande mkavu wa kukandia unga. Upake mafuta, na uuweke mbali na sinki.

Fomeka (karatasi ngumu ya plastiki) juu ya MDF tunaikataa kabisa karibu na maji.

Hatua ya 5: Agizo na ukataji

Nunua sinki kwanza, umkabidhi fundi lenyewe, si picha yake. Jiwe linalobaki mbele na nyuma ya tundu lisipungue sm 6, na kona za tundu ziwe za mviringo, kwa sababu kona kali ndipo ufa unapoanzia. Kiungo kisipite kwenye sinki. Mbele jiwe litokeze sm 3 nje ya milango, na chini yake pachimbwe mfereji mdogo ili maji yadondoke yasirudi ndani ya kabati.

Bamba likitoka Dar kupitia Segera, lisafirishwe likiwa limesimama, kamwe lisilazwe. Grinda itumike na maji yakimwagika juu ya kisu, fundi akiwa na barakoa ya vumbi.

Kabla ya kulipa salio, weka pima maji pande zote mbili, kisha gonga jiwe kwa kifundo cha kidole kila baada ya sm 20. Sauti ya uwazi ina maana gundi haikufika hapo. Fundi aling'oe jiwe na kulibandika upya siku hiyohiyo, gundi ikiwa bado mbichi.