Nguzo ya paneli za sola kwenye mwamba au ardhi inayoganda

Ukikuta mwamba kabla ya kufikia kina cha msingi, usikimbilie kuuvunja. Mwamba mzima, usio na nyufa, hushika kuliko zege utakalomwaga. Toboa matundu, zamisha boliti ndefu kwa gundi ya epoksi, kisha funga bamba la nguzo. Kazi yenyewe iko kwenye vumbi: sugua tundu kwa brashi, lipulize, rudia tena. Gundi ikishika vumbi badala ya jiwe, boliti itachomoka siku ya dhoruba, maana paneli hushika upepo kama tanga na upepo huo hunyanyua pia.

Ardhi inayoganda ina ukorofi wake. Udongo wenye unyevu huvimba ukiganda, hung'ang'ania ubavu wa zege na kulipandisha. Kitako cha zege kiwe chini ya kina cha kuganda (yaani umbali ambao baridi hufika na kugandisha udongo), ubavu uwe laini. Shimo pana juu na jembamba chini ndilo baya kabisa (na ndilo sururu hupenda kuchimba). Usimwage zege juu ya udongo ulioganda. Siku za mwanzo lifunike lisishuke chini ya nyuzi 5 za Selsiasi.