Kukagua draiva ya swichi kwenye kerneli: nani anaachia nini, hasa mashine inapozimwa

Juzi nilikaa na kijana wa mafunzo kwa vitendo hapa Mbeya, tukaipitia draiva moja ya swichi mstari kwa mstari. Mengi tuliyozungumza nayaweka hapa, maana swali lake huulizwa na kila anayeanza: "Kaka, mashine si inazimwa? Kwa nini nihangaike na usafi?"

Hangaika. Visanduku vyetu vya mtandao viko vijijini upande wa Tukuyu, vinaishi kwa sola, na kule wingu likikaa limekaa. Betri ikishuka, Raspberry Pi huamriwa ijizime. Ikikwama katikati ya kujizima itaendelea kunyonya betri hadi ife kabisa, halafu mtu apande bodaboda kwenye mvua kwenda kuchomoa waya.

Nachukulia kwamba unajua C, umeshakompaili kerneli, na unaifahamu DSA, ule mfumo wa Linux unaofanya kila tundu la swichi lionekane kama kiolesura chake (lan1, lan2) kilichopanda juu ya kadi ya mtandao ya mashine (eth0).

Hatua ya 1: Maandalizi

Waya wa serial, usibishane. SSH haikufai kitu hapa, kwa sababu mtandao wenyewe ndio unaouzima. Kwenye kerneli washa `CONFIG_KASAN`, `CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK` na `CONFIG_DEBUG_SHIRQ`, ambazo hunasa makosa ya kumbukumbu na ya intarapti (ishara ya kifaa kuomba kuhudumiwa).

Hatua ya 2: Chora safu mbili

Mimi natumia karatasi. Kushoto andika kila kitu ambacho `probe` (inayoitwa draiva inapounganishwa na kifaa) inakichukua, kwa mpangilio wake. Kulia andika kinachoachiwa na `remove` (inayoitwa draiva inapotolewa), ukianzia chini kwenda juu. Kisha rudia kwa kila `goto` ya makosa ndani ya `probe`. Pengo lolote kulia ni swali la kuuliza.

Hatua ya 3: Weka alama kwenye kila `devm_`

Vitu vilivyochukuliwa kwa `devm_` huachiwa vyenyewe, kinyume na mpangilio wa kuchukuliwa, lakini *baada ya* `remove` kumaliza. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Tuseme intarapti imeombwa kwa `devm_request_threaded_irq`, na `remove` ikaachia kwa mkono kumbukumbu ambayo kishughulikiaji cha intarapti bado kinaisoma. Kuna dirisha dogo ambamo intarapti inaweza kuingia na kukuta kumbukumbu haipo. `CONFIG_DEBUG_SHIRQ` hukusaidia kulinasa pale intarapti inapokuwa ya kushirikiana, kwa sababu huipiga ya bandia kabla ya kuiachia.

Msimamo wangu: kitu na mwenzake wafuate njia moja. Ama `devm_` kwa vyote viwili, ama mkono kwa vyote viwili. Mfano mbaya kuliko yote ni basi la MDIO (njia ya kuongea na PHY, chipu inayoshughulikia waya wa tundu) lililoundwa kwa `devm_mdiobus_alloc` kisha likasajiliwa kwa `mdiobus_register` ya kawaida. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, `devm` huliachia tu basi hilo bila kulifuta kwenye usajili, na kwenye kerneli za wakati huo `mdiobus_free` ikikuta bado limesajiliwa ilipiga `BUG_ON`. Kerneli chali. Mwanzoni mwa 2022 draiva kadhaa za DSA, zikiwemo mv88e6xxx, mt7530, bcm_sf2 na lantiq_gswip, zilirekebishwa kwa sababu hiyohiyo.

Utauliza: kama `remove` inaita `mdiobus_unregister`, tatizo liko wapi? Liko hatua inayofuata.

Hatua ya 4: `shutdown`

Hapa chukua chai kabisa.

Kwanza elewa kerneli inafanya nini. Mashine ikizimwa, `device_shutdown()` inapita orodha ya vifaa kuanzia aliyesajiliwa mwisho kurudi nyuma, na kuita `shutdown` ya kila draiva iliyonayo. Yenyewe haiiti `remove`, wala haigusi `devm_`. Kwa hiyo draiva isiyo na `shutdown` inaachwa inaendelea kama kawaida huku walio chini yake wakizimwa.

Sasa ongeza eth0. Baadhi ya draiva za kadi za mtandao, `shutdown` yao ni kuita `remove` yao. Ya Raspberry Pi 4, bcmgenet, ilikuwa hivyo, na mtu aliyeiunganisha na swichi ya KSZ9897 aliripoti mwaka 2021 kwamba mashine yake haizimiki wala haiwaki upya. Sababu: bcmgenet inataka kumfuta eth0, lakini lan1 na wenzake bado wanamshikilia. Mwenye nyumba anabomoa, wapangaji wamo ndani. Kwenye serial utaona mstari huu ukijirudia bila kikomo:

```
unregister_netdevice: waiting for eth0 to become free.
```

Dawa iliyoingia kwenye kerneli 5.15 ni `dsa_switch_shutdown()`, ambayo huwaachanisha lan na eth0 bila kuibomoa swichi nzima. Ukiona draiva inaita `dsa_unregister_switch()` ndani ya `shutdown`, hoji. Kazi ya `shutdown` ni kunyamazisha kifaa, maana kumbukumbu inakwenda na umeme.

Tatizo la pili ni kwamba `remove` inaweza kuja *baada ya* `shutdown`. Swichi ikiwa juu ya SPI (nyaya ambazo mashine huitumia kuiamuru swichi), na draiva ya kidhibiti cha SPI nayo ikawa na `shutdown` inayojifuta yenyewe, watoto wake wote wanaitiwa `remove`, pamoja na swichi yako iliyokwisha kuzimwa. Ndiyo maana ya mtindo huu:

```c
static void swichi_shutdown(struct spi_device *spi)
{
	struct swichi *s = spi_get_drvdata(spi);

	if (!s)
		return;

	dsa_switch_shutdown(s->ds);
	cancel_delayed_work_sync(&s->takwimu);
	spi_set_drvdata(spi, NULL);
}
```

`remove` nayo ianze kwa kuangalia drvdata, yaani pointa ya data ya draiva iliyotundikwa kwenye kifaa: ikiwa NULL, irudi.

Inaonekana rahisi, lakini ina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: `remove` ikirudi mapema, `devm_` haijui. Inaachia kila kitu kama kawaida. Sasa rudi kwenye lile basi la MDIO: `mdiobus_unregister` imerukwa, `devm` inaliachia basi likiwa bado limesajiliwa, na kwenye kerneli zile ni `BUG_ON`. Draiva iliyokuwa salama kwenye `rmmod` ilikufa kwenye `reboot`.

Wa pili: kazi za foleni. Draiva nyingi zina kazi inayojirudia ya kusoma takwimu za matundu. Usipoisimamisha ndani ya `shutdown`, itaamka baada ya `devm` kuachia kumbukumbu yake. Halafu angalia ni nani mwingine anayeipanga upya. Kama hupangwa kila kiungo kinapokatika, kuisimamisha kabla ya `dsa_switch_shutdown()` hakutoshi, kwa sababu kuzima matundu kwenyewe kunaweza kuirudisha kwenye foleni. Ndiyo maana hapo juu nimeiweka baada yake.

Wa tatu ni wa siri zaidi: nani mwingine anaita `dev_get_drvdata()`? Draiva ya lan9303 iliita ndani ya usomaji wa rejista za PHY. Uchunguzi wa hali ya PHY haukusimamishwa na `shutdown`, hivyo ukaendelea kusoma baada ya pointa kuwekwa NULL, kerneli ikaanguka. Marekebisho ya 2024 yaliifanya `dsa_switch_shutdown()` kuzifunga pia kadi kama eth0, ili pakiti na PHY vinyamaze kwanza. Ukikagua kerneli ya zamani usidhani ulinzi huo upo. Piga `grep` ya `get_drvdata` kwenye faili lote. Nje ya `probe`, `remove`, `shutdown` na kulala/kuamka, kila moja ni ya kutiliwa shaka.

Hatua ya 5: `of_node_put`

Kila `of_get_child_by_name` (inayoshika nodi ya device tree, ramani ya vifaa vya mashine) ina `of_node_put` yake ya kuiachia. Ukitoka katikati ya `for_each_available_child_of_node` kwa `break` au `return`, achia nodi mwenyewe.

Hatua ya 6: Jaribu kikatili

Toa na urudishe draiva kupitia `unbind` na `bind` chini ya `/sys/bus/spi/drivers/`, mara nyingi, huku `ping` ikipita. Kisha zima matundu yakiwa hewani. `reboot` ya kawaida ni ya upole mno, kwa sababu huduma za mfumo huweza kushusha mitandao kabla kerneli haijafika huko. Mimi hupiga `sync`, halafu `kexec -e -x` (kurukia kerneli iliyokwisha kupakiwa, bila kushusha mitandao) au `systemctl reboot -ff`, na macho kwenye serial.

Hatua ya 7: Andika rekebisho

Kosa moja, rekebisho moja. Mstari wa `Fixes:` utaje badiliko lililozaa kosa, kwa herufi 12 za mwanzo za alama yake. `git blame` mara nyingi itakuonyesha mtu aliyesogeza mabano tu, kwa hiyo endelea kurudi nyuma kwa `git log -L` hadi umkute aliyeweka `devm_` upande mmoja na kuusahau wa pili.