Alfajiri ya Pasaka Makaburini: Maandalizi na Maneno ya Kusema

Kama wazee wamekukabidhi ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, anza na fyekeo, mahubiri utayaandika baadaye. Huku kwetu Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, Pasaka huangukia kwenye masika, na kaburi lililolimiwa vizuri wakati wa Krismasi, ikifika Aprili hulioni. Jumamosi Kuu asubuhi waite vijana wa kipaimara waje na mafyekeo na majembe, na umwombe mzee mmoja anayejua nani amelala wapi awatembeze. Msiwaharakishe. Mimi ni mwinjilisti mstaafu wa Kanisa la Moravian, nimefundisha kipaimara tangu enzi za ubao na chaki, na bado naamini vijana husikia zaidi siku ile kuliko darasani. Lazima mmoja atauliza: "Babu, huyu sasa hivi yuko wapi?"

Hapo shika Biblia, maana majibu ya mtaani yako mengi. Yesu alimwambia yule mhalifu msalabani, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43). Paulo naye alitamani kwenda zake akae na Kristo (Wafilipi 1:23). Basi mwambie kijana kwamba aliyekufa katika Bwana yuko na Bwana. Ila usiishie hapo, na hapa ndipo wahubiri wengi wanapoishia. Kama habari yote ingekuwa roho kupaa mbinguni, tusingekuwa na sababu ya kuamka usiku na kukanyaga matope. Tungeimba kanisani, pakavu. Tunakwenda makaburini kwa sababu Kanuni ya Imani inataja ufufuo wa mwili. Yule bibi aliyezikwa pale, na mgongo wake uliopindika kwa kubeba mikungu ya ndizi, Mungu hajamalizana naye.

Desturi hii hatukuibuni sisi. Mwaka 1732, kule Herrnhut, Ujerumani, vijana wa Kimoravian walipanda kilima cha makaburi kabla ya mapambazuko siku ya Pasaka, wakamwimbia Bwana aliyefufuka katikati ya wafu wao. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na utaratibu huo. Makaburi ya Herrnhut yana jambo moja ninalopenda kuwasimulia wenye fedha: mawe yake karibu yote yamelazwa chini, sawasawa, na ndugu na dada wamezikwa kwa safu zao bila kujali ukoo. Sisi siku hizi tunashindana kwa vigae na paa la bati juu ya kaburi. Sisemi ni dhambi. Nasema mtoto anayekua akiyaona hayo atadhani huko mbele pia kuna daraja la kwanza.

Jumapili yenyewe, watu wakutane kanisani saa kumi na moja na nusu. Wapiga matarumbeta watangulie mapema zaidi kuamsha mtaa, na uwakumbushe wapulize pumzi tupu kwenye vyombo kabla ya kuanza, kwa sababu baridi ya saa kumi hushusha sauti na wimbo wa kwanza hutoka kama kilio cha ndama. Andamaneni kimya hadi makaburini. Kila familia isimame kwa watu wake. Wale ambao ndugu zao wamezikwa nyumbani migombani, na huku hao ni wengi, wasimame katikati karibu na msomaji. Usiwaache wakae pembeni kama wageni. Mwanga huanza kuonekana saa kumi na mbili na robo hivi, na jua hutoka nyuma ya Milima ya Livingstone karibu saa moja kasoro robo, kama mawingu yatakubali. Usilisubiri jua. Kiongozi akisema "Bwana amefufuka!" na watu wakajibu "Amefufuka kweli kweli!", ibada imeanza, hata mvua ikiwa inanyesha.

Sasa orodha ya majina. Liturujia yetu ya Pasaka ina ombi la kudumu katika ushirika na ndugu zetu walioingia katika furaha ya Bwana wao tangu Pasaka iliyopita, na hapo majina husomwa. Kazi hii ifanye kwa uangalifu kuliko nyingine zote. Chukua rejista ya ushirika, yaani daftari la waumini wa kanisa lenu, mapema katika Juma Takatifu, kisha pita kwa wazee wa kila mtaa kuhakiki. Panga kwa tarehe ya kufa, usipange kwa cheo, na "mheshimiwa" na "mkurugenzi" viachwe nyumbani. Mtoto aliyeishi siku moja asomwe kwa jina lake. Iandike kwa kalamu ya risasi au iweke ndani ya plastiki. Wino na mvua ya Tukuyu havielewani.

Utapata shida kwa jina moja au mawili. Yuko aliyefariki akiwa chini ya nidhamu ya kanisa, yuko aliyejiua, na mzee fulani atakuvuta kando aseme "huyo mruke". Msome. Sisemi hivi kwa kuwa hukumu haipo. Mathayo 25 ipo, na mhubiri anayeificha anawadanganya watu. Lakini aliyekalia kiti cha enzi katika sura ile ni Mwana wa Adamu, wala hakumwazima mwinjilisti kiti hicho. Wewe unamkabidhi mtu kwa Bwana, na mama yake amesimama hatua tatu kutoka ulipo.

Mahubiri yawe dakika kumi. Miguu ya wazee imelowa. Chagua andiko moja tu; mimi napendelea Luka 24, pale wanafunzi wanapodhani wanaona roho. Yesu anawaambia wamshike, kwamba roho haina mwili na mifupa, kisha anaomba chakula, wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, anakula mbele yao. Kaa hapo kwenye samaki. Mwili uliofufuka unakula, una makovu ya misumari, unatambulika, na tena haufi. Ukitaka kuongeza, soma 1 Wakorintho 15:43: "Hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu." Mfano wa mbegu ni wa Paulo, uache kama alivyouacha. Nimesikia mtu akiurefusha hadi mbolea na bei ya viazi, ufufuo wenyewe ukapotea njiani.

Yaepuke maneno ya kufunika huzuni. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" aliyasema Ayubu juu ya watoto wake mwenyewe. Usimsemee mtu ambaye bado hajaweza kuyatamka. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia. Watu waruhusiwe kulia siku ya Pasaka.

Yupo pia atakayekaa kaburini baada ya "Amina" akimweleza marehemu baba habari za kesi ya shamba, na kumwomba aingilie. Usimkemee mbele za watu. Msubiri amalize, msalimie, mwulize kesi imefikia wapi, halafu umwombee hapo hapo kwa sauti, kwa jina la Yesu. Atatambua mwenyewe kwamba liturujia ya asubuhi ile ilimtaja baba yake mbele za Mungu, na haikumwomba baba yake chochote.

Baada ya hapo kuna chai na viazi, na maswali mazito yatakujia ukiwa umeshika kikombe. Mjane ataulizia ndoa. Yesu alisema katika kiyama hawaoi wala hawaolewi (Mathayo 22:30). Alichosema hakitoshi kutuambia kwamba watasahauliana, kwa hiyo usimwambie hivyo. Mkwe Msabato atakuletea Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lo lote, na atasema wamelala mpaka Bwana arudi. Shemeji Mkatoliki atauliza mbona hatuwaombei walioko toharani, kama wao wafanyavyo hasa tarehe 2 Novemba. Waeleze kwa utulivu kwamba sisi hatufundishi toharani, na kwamba juu ya hali ya wafu kabla ya kiyama tunayo maneno machache ya Maandiko, tunaridhika nayo. Kisha rudi pale wote watatu mnapokutana: anarudi, na makaburi yatafunguliwa. Mabishano mengine yahamishieni wiki ijayo.

Vijana wanaogopa jambo jingine kabisa, kwamba milele itachosha. Kuimba bila kikomo? Kwa kweli wana haki ya kuuliza, maana tumewachorea mbingu kama mkesha usiokwisha. Wasomee Yohana 17:3, ambapo uzima wa milele ni kumjua Mungu wa pekee wa kweli na Yesu Kristo aliyemtuma. Haukuhesabiwa kwa miaka, na unaanza mtu akiwa bado ana matope kwenye viatu. Halafu Isaya 65:21, watu wanajenga nyumba na kukaa ndani yake, wanapanda mizabibu na kula matunda yake. Kijana fundi wa matofali akilisikia hilo, huacha kusinzia.

Jumatatu rudisha rejista ofisini na uanze kazi ya mwaka ujao. Wamoravian wa zamani walikuwa wakiandika habari za maisha yao wenyewe, namna Bwana alivyowaongoza, zikasomwa siku ya maziko yao. Sisi tunamwachia mpwa anayeandika wasifu usiku wa msiba, akikosea hata mwaka wa kuzaliwa. Chukua daftari, nenda kwa mzee mmoja aliye mgonjwa au aliyekula chumvi nyingi, mwandikie anavyosimulia kwa maneno yake. Mwulize anangoja nini baada ya kufa, na jibu lake liandike bila kulinyoosha. Ukimaliza msomee asahihishe, kisha daftari libaki kwake.