Somo: Leaf au Dolphin? Namna ya kuchagua gari dogo la umeme ukiwa mkazi wa Nairobi

Somo hili linahusu magari mawili tu: Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, ambayo ilianza kuuzwa Japani mnamo Oktoba 2017, na BYD Dolphin yenye betri ya kilowati-saa 44.9. Mengine nimeyaacha kwa makusudi. Leaf za kwanza za kilowati-saa 24 huwezi tena kuziagiza kutoka ng'ambo, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, nazo Dolphin zilizotengenezewa soko la China zina usukani upande wa kushoto, hivyo hazifai kuandikishwa hapa kwa matumizi ya kawaida.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza bei, kisha kilomita. Mimi nakuomba uanze na mahali gari litakapolala.

Hatua ya 1: Kagua soketi kabla ya kukagua gari

Nenda pale unapoegesha usiku pamoja na fundi wa stima mwenye leseni, mkaitazame soketi itakayotumika. Soketi ya kawaida ya nyumbani itakupa takriban kilowati 2.3 kwa usalama, na kwa mtu anayeishi Ruiru na kufanya kazi katikati ya jiji, yaani kilomita 55 hivi kwenda na kurudi, gari litakula karibu kilowati-saa 9 kwa siku, ambazo hurudishwa kwa muda wa saa nne hivi huku umelala. Kwa hiyo soketi ya kawaida inatosha, mradi iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi na isigawane mzigo na jiko au hita ya maji.

Hapa kuna hatari ambayo wauzaji hawaisemi. Kebo inayokuja na Leaf kutoka Japani imeundwa kwa volti 200 na huvuta ampea 15. Fundi akiikata plagi yake ya Kijapani na kufunga hii yetu ya miguu mitatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13, utakuwa unaivutisha plagi kuliko uwezo wake kwa saa nyingi mfululizo, kila usiku. Niliwahi kuonyeshwa plagi ya namna hiyo: upande mmoja plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mguu mmoja haukutoka kwenye soketi bila kuvutwa kwa koleo. Nunua kebo ya kuchajia inayofaa volti 240 na inayokuruhusu kupunguza ampea hadi 10.

Kuhusu gharama, EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, iliidhinisha mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa kila uniti (yaani kilowati-saa moja) wakati wa matumizi makubwa na shilingi 8 wakati usio na msongamano, ambao kwa siku za kazi huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo huhitaji mita yake ya pekee. Ukichajia kwenye mita ya nyumba, uniti za gari zitakupandisha kutoka daraja la matumizi ya chini hadi la juu zaidi, na tokeni zitaisha upesi kuliko ulivyozoea.

Hatua ya 2: Usiamini kilomita zilizoandikwa

Leaf hii moja imepewa kilomita 400 kwa kipimo cha zamani cha Japani, 322 kwa kipimo kipya cha huko huko Japani, 270 kwa kipimo cha Ulaya, na 243 kwa kile cha Marekani. Gari ni lile lile na betri ni ile ile. Tangazo la yadi, bila shaka, hubeba namba kubwa zaidi. Dolphin nayo ina 340 kwa kipimo cha Ulaya, na unapolinganisha, linganisha namba hiyo na 270 ya Leaf, wala si na 400.

Hatua ya 3: Chungulia tundu la kuchajia

Leaf hutumia CHAdeMO, aina ya plagi iliyoanzia Japani, kwa chaji ya haraka. Dolphin iliyouzwa Uingereza au Australia hutumia CCS2, plagi inayotumika Ulaya, lakini Dolphin iliyouzwa Japani ina CHAdeMO kama Leaf, kwa hiyo usinunue kwa jina la gari pekee. Fungua kifuniko uone kwa macho yako. Naona CCS2 ndiyo yenye maisha marefu mbele, kwani Nissan yenyewe imeiacha CHAdeMO kwa magari yake mapya ya Ulaya. Kabla ya kulipa, tembelea vituo viwili vilivyo kwenye njia zako za kila siku na uone ni kebo ipi inayoning'inia pale na kama inafanya kazi.

Hatua ya 4: Pima betri, hasa ya Leaf

Leaf haina mfumo wa kupoza betri. Hutegemea hewa ya nje tu. Baridi ya Nairobi huisaidia sana, ila hujui ililala wapi miaka ile kabla haijafika. Kwenye dashibodi kuna vipau 12 vya afya ya betri, na cha kwanza hakipotei mpaka betri iwe imepoteza takriban asilimia 15, kwa hiyo vipau 12 si ushahidi kwamba betri ni mpya. Tumia programu ya simu iitwayo LeafSpy pamoja na kifaa kidogo cha OBD2, kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari, usome afya ya betri kwa asilimia.

Kisha panda mlima. Nilipokuwa nikimtafutia shemeji yangu gari, nililiondoa moja kwenye yadi likiwa na asilimia 96 na vipau vyote 12, nikaliendesha kutoka Westlands hadi Limuru, safari isiyofika kilomita 30, nikafika na asilimia 61. Muuzaji, aliyekuwa ameketi nyuma akichezea simu, alisema ni mlima. Mlima huo naufahamu: kulipandisha gari hilo mita 450 hivi hula kilowati-saa 2 na kidogo, na ukijumlisha mwendo wenyewe, Leaf nzima ingetumia asilimia 20 hivi. Tulilirudisha bila ugomvi.

Betri ya Dolphin ni ya chuma na fosfati, hupozwa na mfumo wake, na haidhuriki sana kwa kujazwa hadi asilimia 100, ilhali ya Leaf ni vyema kuiacha kati ya 20 na 80 kwa siku za kawaida. Kwenye jambo hili moja Dolphin inashinda bila mjadala.

Hatua ya 5: Madogo yanayokera

Leaf ya Japani huonyesha maandishi ya Kijapani, na redio yake haizifikii stesheni nyingi za hapa. Kwa nguvu, Leaf ina kilowati 110 na Dolphin hii 70. Utaihisi tofauti hiyo unapoingia Thika Road.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Ruiru: Nina nyumba yangu na nafika Upper Hill kila siku. Fedha zangu hazifiki Dolphin. Nisubiri?*

Usisubiri, ndugu yangu. Leaf yenye afya ya betri ya asilimia 85 na zaidi itakutosha, na CHAdeMO haitakusumbua kwa kuwa utachajia nyumbani.

*Mwanachama wa Kileleshwa: Naishi ghorofa ya nne, na msimamizi wa ploti amekataa soketi ya maegesho. Nichukue ipi?*

Kwa sasa, dada, sitakushauri uchukue yoyote. Mwandikie mwenye nyumba barua ukimweleza kwamba utalipia mita yako mwenyewe. Mara nyingi anachoogopa ni bili. Akikubali, na ukiwa bado utategemea vituo vya nje mara kwa mara, chagua Dolphin ya CCS2.

*Mwanachama wa Syokimau: Mimi huenda Mombasa kila mwezi.*

Ni kilomita 485 hivi, na Leaf ikichajiwa haraka mara mbili siku moja, betri hupata joto na chaji ya pili hupungua kasi sana. Kwenye joto la Mtito Andei utakaa ukiitazama. Dolphin huvumilia zaidi. Mimi ningepanda treni ya SGR.

*Mwanachama wa Rongai: Stima ikipotea, gari linaweza kuwasha friji?*

Dolphin inaweza, kwa adapta inayochomekwa kwenye tundu la kuchajia. Leaf huhitaji mtambo mkubwa wa pekee kwa kazi hiyo. Uliza kama adapta imo kwenye bei, maana mara nyingi huuzwa kando.