Kabla ya Kuketi Mtihani wa Leseni ya Meno Marekani

Kabla hujanunua kitabu wala kujiandikisha popote, amua kwanza utafanya kazi jimbo gani. Leseni ya kutibu meno Marekani haitolewi na serikali kuu. Kila jimbo lina bodi yake, na bodi hizo haziendi sawa kwa kila jambo. Imekuwa hivyo tangu 1841, Alabama ilipotunga sheria ya kwanza ya kusimamia kazi hii. New York, kwa mfano, haitaki mtihani wa vitendo kwa madaktari wa meno. Tangu 2007 inadai angalau mwaka mmoja wa mafunzo kazini baada ya shahada. Aliyenoa mkono miezi mizima kwa mtihani ambao jimbo lake haliuhitaji amejichosha bure, na aliyefaulu mtihani ambao bodi yake haiutambui amepata hasara kubwa zaidi. Kwa hiyo soma masharti ya bodi kwa macho yako. Usitegemee maelezo ya rafiki aliyefanya miaka kadhaa iliyopita, hata kama ana nia njema, kwa sababu mengi yamebadilika tangu janga la Uviko-19.

Majimbo mengi yana vizingiti vitatu: mtihani wa maandishi wa kitaifa, mtihani wa vitendo, na mtihani wa sheria za jimbo lenyewe.

Kwa daktari wa meno, wa maandishi ni INBDE, ulioanza Agosti 2020 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa sehemu mbili. Kwa mtaalamu wa usafi wa kinywa na meno ni NBDHE. Yote miwili husimamiwa na tume iitwayo JCNDE, na huwezi kuomba bila namba ya utambulisho iitwayo DENTPIN. Hapa ndipo jina linapoleta balaa. Jina kwenye ombi lazima lilingane na lililo kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho. Kama cheti chako kina majina matatu na pasipoti mawili, au umebadili jina baada ya kuolewa, lirekebishe sasa. Mlangoni siku ya mtihani hakuna wa kukusikiliza.

Aliyesoma nje ya Marekani na Kanada ana mzigo zaidi. Matokeo ya chuo chake lazima yahakikiwe na shirika la ECE, na chuo kinachojibu barua polepole kinaweza kukuchelewesha miezi. Jambo jingine zito, ambalo wengi hulijua wakiwa wameshatumia akiba yao, ni kwamba kufaulu INBDE peke yake hakukupi leseni. Majimbo mengi hutaka usome pia kwenye chuo kinachotambuliwa huko, na kwa kawaida programu hizo huchukua miaka miwili au zaidi. Weka jambo hili kwenye hesabu zako tangu siku ya kwanza.

Msomi huyo ana tatizo jingine dogo linalomponza mtu mzoefu kuliko mgeni wa fani: namba za meno. Sehemu kubwa ya dunia hutumia tarakimu mbili, ya kwanza ikitaja robo ya kinywa. Marekani huhesabu meno ya mtu mzima kuanzia 1 hadi 32, kutoka gego la mwisho la juu kulia, kuzunguka hadi gego la mwisho la chini kulia. Jino uliloliita 16 maisha yako yote, gego la kwanza la juu kulia, kule ni namba 3. Na 16 yao ni gego la mwisho la juu kushoto. Anza kutumia namba zao kazini kila siku mpaka ulimi uzoee. Fanya vivyo hivyo na dawa: parasetamoli huko ni acetaminophen, adrenalini ni epinephrine. Na hesabu ya ganzi uijue bila kusita. Dawa ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa kila mililita, hivyo kichupa cha mililita 1.8 kina miligramu 36.

INBDE ina maswali 500 kwa siku mbili, 360 siku ya kwanza na 140 ya pili. Sehemu za kwanza zina maswali 100 kwa dakika 105, yaani sekunde 63 kwa kila swali, huku ukisoma umri wa mgonjwa, malalamiko yake, magonjwa aliyonayo, dawa anazotumia na mzio wake. NBDHE hufanywa kwa siku moja, na sehemu ya maswali yake hutokana na visa vya wagonjwa. Kwa maoni yangu, anayesoma saa mbili kila jioni bila kuwahi kukaa siku nzima mbele ya maswali hajajiandaa, hata akijua kila kitu. Angalau mara mbili kaa kuanzia asubuhi hadi alasiri, kwa saa ya ukutani, bila simu. Alama ya kufaulu ni 75 kwenye kipimo maalumu, si asilimia 75 ya maswali. Na majaribio yana ukomo: miaka mitano au mara tano, kutegemea kipi kitatangulia, kisha mara moja tu kila miezi 12.

Mtihani wa vitendo unaotambuliwa na majimbo mengi ni ADEX. Siku hizi madaktari wengi huufanya kwenye kichwa cha sanamu chenye meno bandia: kuziba meno ya mbele na ya nyuma, kutibu mzizi, kutayarisha jino kwa ajili ya kofia ya kulifunika. Yapo makosa yanayokuangusha papo hapo, hata kazi nyingine yote ikiwa safi. Kutoboa mzizi ni mojawapo. Kufanyia kazi jino lisilo lenyewe ni jingine. Taja namba ya jino kwa sauti kabla ya kushika mashine. Pia fanya mazoezi kwenye aina ileile ya meno bandia, kwa sababu plastiki hukatika tofauti na jino la mtu.

Mtaalamu wa usafi wa kinywa anaweza bado kutakiwa kuleta mgonjwa, kutegemea jimbo. Hapo tafuta mapema mtu mwenye ukoga mgumu wa kutosha chini ya fizi, mpime presha zaidi ya mara moja, na uliza historia yake ya moyo. Mwenye vali bandia huhitaji antibiotiki kabla ya kuguswa fizi. Pata pia mgonjwa wa akiba, na umjulishe hivyo waziwazi. Nawaomba sana: asiachwe na ugonjwa wake bila matibabu miezi kadhaa ili tu awe tayari siku ya mtihani. Yule ni mgonjwa wako kabla ya kuwa nyenzo yako ya mtihani, na matibabu yatakayobaki baada ya mtihani yapangiwe tarehe na mahali kabla hajaketi kwenye kiti.